Uzi wa walimu na watumishi wa shule tunaosoma mtandaoni: kozi inafikaje darasani?

Mleta mada

Habari za kazi wakuu.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya walimu, wakutubi, mafundi maabara, wahasibu wa shule, yeyote ambaye akimaliza kazi ya siku anafungua simu na kusoma kozi ya kujiendeleza. Mimi nimesoma hivyo kwa miaka 6 na nina vyeti 19. Mwaka jana mwalimu mpya katika idara yetu aliviona akaniuliza, kwa heshima zote: "Mwalimu, katika hivi vyote, ni kipi kilichobadilisha ufundishaji wako?" Nikatafuta jibu, nikapata kimoja. Vile vingine 18 sikuweza kuvitolea mfano hata wa kipindi kimoja. Swali lile lilinikosesha usingizi.

Hicho kimoja kilitokana na kozi fupi ya namna ya kuuliza maswali darasani. Ndani yake kulikuwa na kipande kidogo kuhusu Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani ambaye katika miaka ya 1970 alichapisha matokeo ya kusikiliza kanda nyingi za vipindi vya sayansi. Aligundua kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri takriban sekunde 1, kisha anamtaja mwingine, anarudia swali, au analijibu mwenyewe. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, waliozoea kunyamaza wakaanza kusema, na maswali yaliyokosa jibu kabisa yakapungua.

Nilikisoma Jumapili usiku. Jumatatu kipindi cha pili niliweka simu mezani, nikarekodi sauti yangu, na jioni nikasikiliza. Nilikuwa sifikishi hata sekunde 1. Nilikuwa nauliza na kujibu kwa pumzi moja, na miaka yote hiyo nikiamini kwamba darasa langu halipendi kujibu.

Wiki ile yote nilihesabu moyoni kila nilipouliza. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Ukimya wa sekunde 3 mbele ya watoto 50 ni mzito, mkono unataka kushika chaki, mdomo unataka kusaidia. Alhamisi niliuliza kwa nini theluthi ni kubwa kuliko robo, ilhali 4 ni kubwa kuliko 3. Nikasubiri. Kwenye sekunde ya tano hivi, binti anayekaa nyuma, ambaye tangu muhula uanze sikuwahi kuisikia sauti yake bila kumtaja jina, akasema: "Kwa sababu tumegawana wachache, kila mtu anapata kikubwa."

Nimejichunguza sana kwa nini kozi ile ilishika na nyingine hazikushika. Kati ya zile 18 zipo zilizoandaliwa vizuri zaidi. Lakini zile nilizisoma mfululizo mpaka mwisho, nikajibu maswali ya kuchagua, nikapakua cheti, nikajiandikisha nyingine. Hii niliitoa kwenye simu ikiwa bado ya moto, na ilikuwa ndogo kiasi cha kubebeka kwenye kipindi kimoja.

Naomba tusimuliane kwa mifano. Nini ulisoma mtandaoni, na siku ya pili kazini ulifanya nini nacho?

Mwalimu wa Kemia

Shukrani mkuu kwa uzi. Naomba nipingane nawe kidogo, kwa nia njema.

Vyeti tusivishushe. Ziko sehemu nyingi duniani ambako mwalimu hahuishi leseni wala hapandi daraja bila kuonyesha saa za mafunzo, na kwa mwalimu aliye mbali na chuo, mwenye watoto wadogo na vipindi vya kujaza wiki, kozi ya mtandaoni ndiyo njia pekee ya kuzipata. Anayesoma usiku baada ya kusahihisha madaftari anastahili hicho cheti. Mimi mwenyewe nimemaliza kozi nikiwa nimechoka kiasi cha kusoma ukurasa mmoja mara tatu. Sasa ukiniambia na kesho yake nijaribu darasani, unaniongezea mzigo juu ya mzigo.

Pili, mtaala una ratiba. Kozi inafundisha mada ya wiki ya 9, mimi darasani niko wiki ya 3. Nafanyaje?

Mleta mada

Mwalimu mwenzangu, hoja zako zote mbili nazipokea. Cheti kinachokupandisha daraja ni haki yako, kichukue. Nilichoona kwangu ni kwamba niliposomea cheti peke yake, nilipata cheti peke yake.

Kuhusu uchovu, nitakwambia jambo lililonigeuza mawazo. Thomas Guskey, mtafiti wa elimu wa Marekani, aliandika mwaka 1986 kwamba mafunzo mengi ya walimu hupangwa kwa mfuatano usio sahihi. Waandaaji hudhani kwamba kwanza mwalimu anabadilishwa imani, kisha anabadili ufundishaji, halafu matokeo ya wanafunzi yanafuata. Yeye akasema mambo huwa kinyume: mwalimu hujaribu kitu, huona wanafunzi wake mwenyewe wamebadilika, na hapo ndipo imani inapokuja. Nilipolielewa hilo nikaelewa pia kwa nini nilikuwa nachoka. Nilikuwa natumia nguvu kujishawishi kwa kusoma zaidi, wakati ushawishi wenyewe ulikuwa kwenye madaftari ya watoto. Tangu nianze kujaribu vipande vidogo, nasoma muda mfupi zaidi kuliko zamani na sichoki vile.

Hilo la ratiba ya mtaala ni gumu kweli kwa kozi za maudhui, kama unasoma kuhusu elektrolisisi na darasa bado liko kwenye atomu. Kwa kozi za namna ya kufundisha si tatizo. Kuuliza maswali, kurudisha kazi zilizosahihishwa, kufungua kipindi, kuwapanga watu kwenye makundi, hayo yapo kila wiki. Ningeanza na hizo, na zile za maudhui ningezisoma wakati wa kuandaa azimio la kazi, ili ziingie mahali pake zenyewe.

Mkutubi

Nafurahi umetutaja na sisi tusioingia darasani, maana kozi nyingi za "watumishi wa elimu" ukizifungua unakuta kila mfano ni wa mwalimu na ubao.

Mimi nilisoma kozi ya kupitia makusanyo ya maktaba, yaani kuamua kitabu gani kibaki na kipi kitoke. Moduli ya tatu ilikuwa na zoezi: chagua rafu moja, usiguse nyingine, pitia kila kitabu kwa vigezo hivi na uandike sababu. Maktaba yetu imepangwa kwa mfumo wa Dewey, ule uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, basi nikachagua namba 500, sayansi asilia, kwa kuwa ndiyo inayochakaa upesi kwa maana ya habari zilizomo.

Siku mbili za mapumziko ya mchana zilinitosha. Nilikuta vitabu vinne vinavyosema sayari ni 9, wakati Pluto iliondolewa kwenye orodha ya sayari mwaka 2006. Viwili kati ya hivyo vilikuwa vimeazimwa muhula ule ule. Mtoto anatoka maktabani kwangu na jibu ambalo mwalimu wake wa sayansi atalikata kwa kalamu nyekundu! Nilimwita mwalimu wa sayansi tukakaa naye kwenye rafu ile, akaniambia na mengine ambayo mimi peke yangu nisingeyaona. Viwili tuliviondoa, viwili tuliviacha na karatasi ya maelezo ndani ya jalada kwa sababu sehemu nyingine zote ni nzuri mno na hatuna mbadala.

Kozi yenyewe ilikuwa ya wiki sita. Ninachokikumbuka ni rafu ile.

Mwalimu wa mwaka wa kwanza

Shikamooni walimu wangu. Nimesoma uzi wote. Nina miezi saba kazini. Nikitafuta kozi napata mamia, nyingi za bure, na sijui nishike ipi. Nimejiandikisha nne, zote ziko katikati. Mnachaguaje? Na bando nalo ni tatizo, video moja inakula nusu ya nililonunua.

Mleta mada

Marahaba mwanangu. Kwanza usijilaumu kwa zile nne. Kozi kubwa za wazi za mtandaoni zilipoanza kuitwa MOOC mwaka 2008, na zilipoenea kupitia majukwaa ya Coursera na edX mwaka 2012, wengi walidhani kila anayejiandikisha atamaliza. Ikaonekana kwamba wanaomaliza ni wachache sana, mara nyingi hawafiki 15 kwa kila 100. Wengine walitaka moduli moja tu na waliipata. Kwa hiyo chagua moja kati ya nne zako, nyingine zifunge bila hatia. Zitakuwepo.

Sasa namna ya kuchagua. Mimi siku hizi siangalii jina la chuo kwanza. Nafungua moduli ya pili (ya kwanza huwa ni makaribisho) na kutafuta kama kuna mahali ninapoambiwa nifanye kitu na wanafunzi wangu, kisha nirudi kueleza kilichotokea. Nikikuta video, maandishi, maswali ya kuchagua, video, maandishi, maswali ya kuchagua, hadi mwisho, naiacha, hata kama msimulizi ana sauti nzuri.

Halafu natazama mambo mawili ambayo kwangu ni kama kipimajoto. La kwanza ni ile habari ya kwamba kila mwanafunzi ana mtindo wake wa kujifunza, huyu wa kuona, yule wa kusikia, huyu wa kushika, na kwamba mwalimu afundishe kila mmoja kwa mtindo wake. Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za jambo hilo mwaka 2008 na hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha kufundisha hivyo. Kuonyesha picha, kueleza kwa sauti na kushikisha vifaa ni vizuri kwa darasa zima, kwa kutegemea mada. Kuwagawa watoto kwa mitindo ni kuwafunga. La pili ni ile piramidi maarufu inayodai tunakumbuka asilimia 10 ya tunachosoma, 20 ya tunachosikia, na kuendelea hadi 90. Huwa inabandikwa jina la Edgar Dale, mtaalamu wa elimu wa Marekani. Dale alichora koni yake, mchoro wa njia mbalimbali za kujifunza, mwaka 1946, na haikuwa na asilimia yoyote, hizo ziliongezwa na wengine baadaye. Kozi inayokupa mojawapo ya hayo kama ukweli mtupu, walioiandaa hawakurudi kwenye chanzo. Najiuliza ni nini kingine ambacho hawakukihakiki.

Kwa upande wa bando, tafuta kozi zinazokuruhusu kupakua maandishi. Maandishi ya somo la video ya dakika 15 ni kurasa chache, faili dogo sana, na unaweza kuyasoma ukiwa nje ya mtandao. Kuna mkusanyiko wa TESSA ulioanzishwa mwaka 2005 chini ya uongozi wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, una shughuli za darasani za walimu wa msingi kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili, na unaruhusiwa kupakua na kubadilisha ili ukufae. Hauna mbwembwe. Unafungua sehemu moja, unakuta shughuli, unaingia nayo darasani. Chuo hicho hicho kina OpenLearn, tovuti yake ya kozi, nako ni bure.

Ukipenda, anza na lile la sekunde 3. Halihitaji bando.

Mwalimu mkuu msaidizi

Naomba niseme kutoka upande wa utawala, maana na sisi tuna sehemu yetu katika hili.

Kwa miaka mitatu nilikuwa nakusanya vyeti vya walimu na kuvihesabu. Nilikuwa na jedwali zuri kabisa. Hakuna siku niliyomuuliza mwalimu nikuone darasani ukifanya ulichosoma. Nakiri hilo hapa kwa sababu naamini wengi wenye nafasi kama yangu tunafanya hivyo, na tunaita kuendeleza walimu.

Kilichonizindua ni kazi ya watafiti wa mafunzo ya walimu, Bruce Joyce na Beverly Showers, ya miaka ya 1980. Walitenganisha sehemu za mafunzo: kuelezwa nadharia, kuonyeshwa mfano, kufanya mazoezi na kupata mrejesho, na mwisho kufuatiliwa na mwenzako ukiwa kwenye darasa lako mwenyewe. Hitimisho lao ni kwamba hatua za mwanzo huongeza ujuzi kichwani, lakini kinachofikisha jambo darasani na kulibakiza huko ni ile ya mwisho. Kozi za mtandaoni nyingi zinatoa nadharia na mfano. Hatua ya mwisho haiwezi kutoka kwenye simu. Ni sisi shuleni tunaopaswa kuitoa.

Basi nilibadilisha ratiba. Walimu wanaosoma kozi moja nawapanga wawili wawili, na kila mmoja anapata kipindi kimoja kwa wiki cha kukaa kwenye darasa la mwenzake. Masharti ni machache: mgeni haingii na fomu, hatoi alama, hanipi mimi taarifa. Mwenyeji anamwambia kabla, "leo nitajaribu kitu fulani, niangalizie kile pale tu." Mwanzoni walimu wawili walikataa, wakidhani ni ukaguzi uliobadilishwa jina. Walikuwa na sababu ya kudhani hivyo. Mmoja aliingia baada ya muhula mzima, mwingine hadi leo bado, na sijamlazimisha.

Gharama yake ni vipindi. Nililazimika kuondoa mikutano miwili ya wafanyakazi kila mwezi ili muda upatikane. Hakuna aliyelalamikia mikutano hiyo.

Mwalimu kiziwi

Ninafundisha darasa la wanafunzi viziwi, na mimi mwenyewe ni kiziwi. Nimefuatilia uzi nikitafuta kama kuna atakayelitaja hili, sasa nalitaja mwenyewe.

Kusoma mtandaoni kulitakiwa kuwe mlango mpana kwetu. Ukumbini namtegemea mkalimani wa lugha ya alama, asipokuja sina semina. Kwenye skrini ningeweza kusoma kwa kasi yangu na kurudia. Lakini kozi niliyoilipia mwaka jana ilikuwa video 24, na hakuna hata moja iliyokuwa na maandishi yanayopita chini. Niliandika mara mbili. Nikajibiwa niwashe maandishi ya kujiandika yenyewe. Yale hukosea sana majina, istilahi na namba, na mada ilikuwa tathmini, yaani istilahi na namba tupu. Niliacha katika video ya sita.

Miongozo ya kimataifa ya tovuti zinazofikika na watu wote, toleo la 2.0 la mwaka 2008, inataka maandishi kwenye video zote zilizorekodiwa zenye sauti, na imeliweka sharti hilo katika ngazi ya chini kabisa, ile inayotakiwa kwa kila mtu. Si ombi la ziada.

Ninachowaomba walimu wenzangu mnaosikia: mkiwa kwenye kozi isiyo na maandishi, andikeni nanyi. Barua yangu peke yangu inaonekana ni tatizo la mtu mmoja. Na faida si yetu tu. Yule mwalimu wa mwaka wa kwanza mwenye shida ya bando, maandishi ninayoyaomba mimi ndiyo yatakayomsaidia yeye.

Mleta mada

Mwalimu, nimekuelewa, na nakiri katika vyeti vyangu 19 sikuwahi kulitazama hilo hata mara moja. Kozi ninayosoma sasa ina video 9 na maandishi yako kwenye 2. Nimewaandikia usiku huu, nimewaeleza ngazi ya sharti kama ulivyoitaja. Nitawaletea jibu hapa, liwe zuri au baya.

Mwalimu wa Kemia

Nimerudi baada ya wiki tatu. Nilisema sina muda, lakini simulizi ya rafu ya mkutubi ilinikaa kichwani, nikasema na mimi nichague rafu moja.

Katika kozi niliyokuwa nimeshaimaliza zamani kulikuwa na somo kuhusu jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke la mwaka 2006. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari, kisha kundi moja likakisoma tena, jingine likafunga na kujaribu kukumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojaribu kukumbuka wakawaacha wenzao mbali. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani wa kozi na kupata alama zote. Darasani bado nilikuwa naanza kila kipindi kwa kusema, "jana tuliona kwamba..." na kuwasomea.

Sasa dakika 5 za mwanzo madaftari yanafungwa, nawapa maswali matatu: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Wanaandika kwenye kipande cha karatasi, hakuna alama.

Mkondo mmoja umechangamka kweli. Valensi, ambayo huwa nairudia kila muhula, safari hii wengi wanayo. Mkondo wa pili haukwenda vizuri. Swali la mwezi uliopita liliwashinda karibu wote siku tatu mfululizo, na kuna vijana wakaacha kuandika kabisa, wanakaa na karatasi tupu wakinitazama. Nadhani niliwapeleka mbali mno mapema, wakaona ni mtihani wa kuwaaibisha. Nimeanza upya nao kwa swali la jana peke yake. Mwenye uzoefu wa hali hii anisaidie.

Mkutubi

Mwalimu wa Kemia, mimi si mtaalamu wa darasa, lakini hao wa karatasi tupu waruhusu waandike kwanza neno lolote wanalolikumbuka kwenye mada, kabla ya swali. Natumia hivyo na wasomaji wangu wanaosema "sikumbuki kitabu kilihusu nini." Neno moja likishatoka, mengine hufuata.

Mwalimu wa mwaka wa kwanza

Walimu wangu, nimefunga kozi tatu, nimebaki na moja. Mwenzangu wa darasa la jirani tumekubaliana awe ananiangalizia kila Jumatano, na mimi kwake Ijumaa.

Leo nimerekodi kipindi kizima. Nimeuliza maswali 31. Nimesikiliza mara mbili kuhakikisha: kwa wastani nilisubiri sekunde moja na nusu, na maswali 12 niliyajibu mwenyewe. Kesho nina darasa lile lile kipindi cha kwanza. Nimeandaa maswali 8 tu.